Mgeni wa Maji ya Chumvi

Renilde alikuja kuaga, na mtu aliyekuja kuaga hana haja ya kujipamba. Lakini alikuwa amevaa kile kitenge cha buluu ambacho Ngabo aliwahi kukisifu, na mikono alikuwa ameisugua kwa limau hadi vidole vikawasha, ili harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani aliokuwa akiuza, imtoke. Moyo nao una ujinga wake. Ulijua fika kwamba Jumatatu anaondoka, na bado ulitaka kuonekana mzuri Jumamosi.

Alitoka soko la mji wa Baraka kwa miguu, mabeseni yake mawili matupu yamepandana kichwani. Ndagala zote zilikuwa zimekwisha. Akina mama wa Mboko na wa Nundu aliozoea kuuza nao walimkumbatia mmoja mmoja, wakamwambia Burundi si mbali. Maneno ya namna hiyo husemwa na wanaobaki.

Ngabo alikuwa juu ya bati la atelie yake, karakana ya redio na sola, anafuta vumbi kwenye paneli za sola.

"Renilde! We umetoka soko mapema hivi?"

"Shuka."

"Ngoja nimalize hii moja."

"Ngabo, shuka. Mi sisemake na muntu iko juu ya nyumba."

Akashuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasimama mbele yake. Alikuwa mrefu na mwembamba, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya chuma cha kuchomelea nyaya. Renilde alivipenda vidole vile kabla hajampenda mwenyewe. Ilikuwa siku ile alipoleta redio ya marehemu baba yake itengenezwe, akakaa kwenye benchi kungoja, na katika kungoja akajikuta anasimulia habari ambazo hakuwahi kumsimulia mtu.

Baba yake, Gahungu, alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya tajiri mmoja wa Bujumbura. Sebuleni kwa tajiri huyo kulikuwa na akwariamu, tangi la kioo lenye samaki wa baharini, na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa mtu wa safari, kidogo kidogo tangi likawa la Gahungu. Jumamosi alikuwa anamchukua Renilde kazini. Mtoto anakaa sakafuni, anamtazama samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda meupe, na samaki naye anamtazama. Baba anachovya kidole majini, anaonja, anatikisa kichwa kama mpishi aliyeridhika. "Bahari iko mbali sana, mwanangu," alikuwa akimwambia, "lakini hiki ni kipande chake." Kisha ikaja miaka ya kukimbia. Wakavuka mpaka, wakafika kambini Lusenda, na huko Gahungu akazikwa bila kuiona bahari yenyewe.

Ngabo aliyasikiliza yote hayo huku anakaza skrubu za redio, macho kwenye nyaya. Renilde alidhani hakusikia. Baada ya miezi kadhaa, pikapu kutoka Uvira ikasimama mbele ya atelie, na ndani yake kulikuwa na vitu vya mitumba vya hoteli moja ndogo iliyofungwa: tangi la kioo lenye mkwaruzo mrefu upande mmoja, pampu inayokohoa, taa, mawe makavu ya baharini, ndoo ya chumvi ya bahari iliyoganda hata ikabidi ivunjwe kwa nyundo, na kipimo cha chumvi ambacho mshale wake hunasa mpaka ukigonge kwa ukucha.

"Hii ni nini?" Renilde aliuliza siku hiyo, ingawa alikuwa anaona.

"Ni kile kipande," Ngabo alijibu, akainamisha macho.

Mwanamke gani angebaki salama baada ya jibu kama hilo? Mwambieni ajitokeze. Renilde hakuwa yeye.

Tangi lilivuja. Wakaliziba kwa silikoni, likavujia kona nyingine, wakaliziba tena. Walileta maji ya ziwa kutoka mbali na ukingo, wakayatia chumvi. Constance, jirani anayeuza maharage, alikuja na kopo la chumvi ya Uvinza kwa moyo safi kabisa, akisema chumvi ni chumvi, na Renilde akamweleza polepole kwamba ile ni ya mboga. Ya bahari ina mambo mengine ndani yake, na samaki anayajua. Halafu ikabidi wangoje, maana baba yake alikuwa akisema maji mapya hayafai kuwekwa kiumbe hadi yaive. Mtaa mzima ulikuja kuona kioo kilichowashwa taa na hakina kitu.

"Samaki iko wapi?"

"Bado. Mayi inaiva."

"Mayi inaiva! Na moto mumewashia wapi?"

Walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini jioni, watu wakishaondoka, Renilde na Ngabo walikaa kwenye benchi wakiyatazama maji matupu, mabega yao yanakaribia kugusana na hayagusani. Hakuna aliyekuwa na haraka. Renilde hakuwahi kuwa na raha kama ile tangu utoto, na sasa, akiwa amesimama uani kuaga, alizikumbuka zile jioni kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyokwisha kuhama.

"Mama na yaya Aubin bamefunga bintu," alisema; yaya ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa. "Jumatatu gari ya kurudisha batu Burundi inatoka ku camp. Nitaenda nabo."

Ngabo alimtazama usoni, akatazama mabeseni, akarudi usoni.

"Unaenda, ama banakupeleka?"

"Iko tofauti?"

"Iko, Renilde. Iko sana."

"Basi naenda." Akayashika mabeseni kichwani. "Nilikungoja, Ngabo. Mayi tuliingoja mpaka ikaiva. We nikungoje mpaka lini? Mi sina miaka kumi na nane. Mama yangu ananiuliza kila siku, 'Ule muntu wako amesema nini?' Najibu nini? Namwambia iko anafuta paneli?"

"Mama yangu bado…"

"Najua! Mama yako bado hajasema. We na ndevu zako zote, unangoja mama aseme."

Lilimchoma, ilionekana. Hata hivyo hakupandisha sauti.

"Kwetu muntu haoe nyuma ya mugongo ya mama yake. Nikifanya vile, siku ya kwanza ya magomvi batakuambia, 'Ni nani alikuita huku?' Sitaki uingie ku nyumba yetu kwa dirisha. Nataka uingie ku mulango, batu bote banaona."

"Na kama mulango haifunguke?"

Wakatazamana tu, na katika kutazamana kule Renilde alimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja. Alitaka kuweka kichwa chake kwenye kifua kile, pale pale uani, Constance na maharage yake waone wasione. Alitaka pia kumpiga na beseni.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Ua lenyewe lilikuwa mama yake Ngabo, aitwaye Mukarurangwa, aliyeshuka kutoka milimani, Haut Plateau, ili atibiwe macho. Alikuwa mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa na hakuwa na ugomvi na Warundi. Lugha wanasikilizana, Mungu wao ni mmoja. Shida yake ilikuwa samaki. Katika nyumba yao samaki hakuingia, hakutajwa, na chombo cha maziwa kilichokaribiana na samaki kilikuwa kimekufa, hakinywewi tena. Alipoambiwa kwamba mwanawe anamtaka muuza ndagala, aliuliza swali moja tu: "Na maziwa ya bajukuu bangu atakamulia mu nini, mu beseni yake?" Tangu hapo hakusema ndiyo wala hapana, na Jumapili jioni angerudi milimani na jibu lake.

"Kuya basi," Ngabo alisema mwishowe, taratibu. "Kama unaenda, uone kwanza kale kasamaki. Kalifika jana. Nilitaka kukutafuta leo, na we umekuya mwenyewe."

"Kamefika? Na hukunitumia hata muntu?"

"Hakakule kitu. Nilitaka kwanza kakule, njo nikuite ufurahi."

Samaki naye alikuwa wa mitumba. Ndiye wa mwisho aliyebaki katika ile hoteli, na mpishi wao wa zamani, mzee Jérémie, alimtunza Uvira muda wote huo, akamleta mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, amemkumbatia njia nzima.

Waliingia ndani. Mukarurangwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya tangi, mgongo umenyooka, shuka yake imefungwa begani. Mapajani alikuwa na inkongoro, kikombe chake cha mti cha maziwa, na kilikuwa kitupu. Uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi njema.

Renilde alimtazama yeye kwanza, kwa woga. Kisha akatazama kioo, na mabeseni yakamponyoka.

Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Juu kabisa, mdomo ukigusa hewa, samaki wa rangi ya chungwa alikuwa anafungua kinywa na kufunga, anafungua na kufunga. Mikanda yake meupe haikuonekana vizuri. Alikuwa anatafuta pumzi.

"Nani amefanya hivi?" Renilde alipiga kelele. "Mumetia nini humu?"

"Nimemupatia maziwa," Mukarurangwa alisema.

Pampu ilikohoa mara moja, ikaendelea.

Renilde hakuwa msichana wa kuwajibu wakubwa. Kambini walimsifu kwa adabu. Lakini yote aliyoyameza wiki zile yalimpanda kwa pamoja, na hakuyazuia.

"Mama, umemuua! Kama hunitaki, si ungenifukuza mimi? Mi njo nauzisha samaki, mi njo nanuka! Kale kamekukosea nini? Kametoka mbali, kako peke yake, hakana hata muntu wa kukasemea!"

"Renilde!" Ngabo alimshika mkono.

"Niache! Baba yangu…" Na hapo machozi yakamziba. "Baba yangu alichungaka kamoja kama kale."

Mukarurangwa alikuwa amesimama. Utulivu ule ulikuwa umemtoka usoni, na ghafla alionekana mzee, macho yake mabovu yakienda kwa mwanawe, kwa msichana, kwa kioo.

"Anakufa?" aliuliza. "Ngabo, kweli anakufa?"

"Samaki hanywake maziwa, mama. Inaoza mu mayi. Inamukosesha pumuzi."

"Mi sikujua." Alikumbatia kikombe chake. "Tangu jana hakule. Nilikaa naye, nikaona. Anatazama tu ukuta. Ndama ukimuhamisha, ukimutosha kwa mama yake, haikule majani. Unamupatia maziwa, kidogo kidogo, mpaka moyo yake inarudi. Njo nilifanya. Nilimupatia ile yangu ya leo."

"Lakini mama," Ngabo alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeamini, "si we ulisema samaki haingie mu nyumba?"

"Samaki ya kukula! Hii nani anakula? Munaiamukia asubui, munaiamukia mangaribi. Mumeitafutia mayi yake, mumengoja. Kintu unaichunga vile na hauwazie kuichinja, ni nini sasa kama haiko ng'ombe?"

Renilde alimtazama yule mama, na hasira yote ikamtoka, ikabaki aibu. Lakini aibu ilibidi ingoje, kwa sababu samaki hakuwa na muda wa kungoja.

"Ndoo ya chumvi iko wapi?" aliuliza, akijipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Imebakia kidogo."

"Leta yote. Na mayi ya ziwa, ile safi ya mu bidon. Ngabo, kimbia!"

Akayaokota mabeseni yake, akayasuuza, akapiga magoti. Ngabo alimimina maji ya dumu, yeye akatia chumvi, akakoroga kwa mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Kipimo kikanasa. Alikigonga, kikanasa tena. Akakitupa pembeni, akachovya kidole, akaonja.

Na hapo, katikati ya haraka, baba yake alirudi. Hakumwona, alimwonja. Ladha ile ilikuwa sakafu baridi ya sebule ya watu, na kandambili za Gahungu zimepangwa mlangoni, na kidole chake kinachonuka udongo wa bustani kikitua puani kwa binti yake kwa mchezo. Miaka yote hiyo alidhani amemsahau sauti, kumbe alikuwa hajamsahau hata kidogo. Renilde alilia huku anakoroga, na hakuona haya.

"Bado kidogo," alisema. "Ongeza chumvi. Bado. Sasa. Sasa imefika."

Ngabo alikuwa ameng'oa mrija wa hewa kwenye tangi, anaushikilia ndani ya beseni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshika waya uliolegea, kwa kuwa akiuachia tu pampu inazima. Wavu mdogo wa kuvulia ulikuwa umetoboka katikati. Samaki alianza kulala ubavu.

"Mi nina chumvi nyingi sana mukononi, itamuunguza," Renilde alisema. "Ngabo, we unaweza?"

"Nikiachia hii, hewa inakatika."

"Mukono yangu iko safi," alisema Mukarurangwa.

Alikuwa tayari amekunja shuka yake begani. Akaenda kwenye tangi, akainama hadi macho yake yakakaribia maji, na akaiinua inkongoro.

"Mama," Ngabo alisema kwa sauti ya chini, "ile ni kikombe ya maziwa."

"Najua ni kikombe gani. Mama yangu njo alinipatia siku ya kuolewa."

Akaitumbukiza. Polepole, kama anayekaribia ndama mwoga, aliipitisha chini ya samaki, akamngoja ajisogeze mwenyewe, akainyanyua. Samaki akawa ndani ya chombo cha maziwa cha ukoo ule, akipiga mkia. Mukarurangwa alimchukua hadi kwenye beseni la ndagala, akainamisha mkono, akamwachia.

Wote watatu wakabaki wamechutama, vichwa vyao vimekutana juu ya beseni. Samaki alizama hadi chini, akakaa. Hakutikisika. Renilde alihesabu pumzi zake mwenyewe, akapoteza hesabu. Kisha pezi moja likapepea, na la pili, na yule mzee mdogo wa rangi ya chungwa akainuka, akaegemea mapovu ya hewa, akaanza kupumua kwa utaratibu.

Ngabo akacheka, kicheko cha mtu aliyetoka kuogopa. Mkono wake uliolowa ukaukuta wa Renilde kwenye ukingo wa beseni, na safari hii hakuna aliyeuondoa.

"Mama, unisamehe," Renilde alisema bila kuinua macho. "Nilikusemesha mubaya."

"Ulinigombeza juu ya munyama," Mukarurangwa alijibu, akipangusa mkono wake. "Mama yangu naye alinigombezaka vile vile. Aliyebaki kimya hakunifundisha kitu."

Nje pikipiki ikazimwa, na mtu akabisha hodi. Alikuwa Aubin, kaka yake Renilde, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Alivua kofia alipomwona yule mama.

"Amahoro, mama. Nimekuya kuchukua mudogo wangu. Mama yetu Émilienne anamungoja. Bintu bimefungwa, yeye tu njo anabakia."

Ngabo alisimama. Midomo yake ilifunguka, na Renilde akaona jinsi anavyomtazama mama yake, bila kuomba tena, kama mtu aliyekwisha kuomba maneno yakamwishia. Renilde alijua sasa ndiyo sasa. Kama neno halitasemwa hapa, halitasemwa tena milele, naye atapanda lile gari.

Mukarurangwa hakumtazama mwanawe. Alimtazama Aubin.

"Mutoto wangu, mama yako iko anapokea bageni kesho, ibada ikiisha?"

"Bageni?"

"Mi na kijana wangu. Tutakuya kuomba irembo."

Aubin alikuwa Mrundi, hakuhitaji kufafanuliwa. Anayekuja kuomba irembo anaomba kufunguliwa lango la nyumba yenye binti. Alimtazama Ngabo, akamtazama dada yake aliyelowa hadi kifuani, akalitazama beseni, na hakuelewa lolote.

"Mama, ni heshima kubwa. Lakini kesho… Kila kintu tumefunga. Hata kiti ya kukalisha mugeni hatuna inje."

"Tutasimama," alisema Mukarurangwa.

Ngabo alijifunika uso kwa viganja vyake vilivyolowa. Aubin alijikuna shingoni kwa muda. Alikuwa mtu mwema, na kwa hiyo alimgeukia yule ambaye wengine wote walikuwa hawajamuuliza.

"Na we, Renilde? Jumatatu gari inaenda na mama. Ukibaki, unabaki kweli. We unasema nini?"

Renilde alimwona akilini mama yake akipanda gari na masufuria yake, bila binti. Aliliona kaburi la Gahungu kule Lusenda, ambalo lisingekuwa na mtu wa kulipalilia kama wote wangeondoka. Alimwona Ngabo, ambaye hakuthubutu kuinua uso. Mdomoni bado alikuwa na ladha ya chumvi, na hakujua tena ipi ni ya beseni na ipi ni ya machozi.

"Yaya," alisema, "umwambie mama afungue viti."